Pishi Si Kilo: Maana ya Maneno ya Vipimo vya Jadi na Wajibu wa Mwalimu

Yako maneno mengi ambayo mwalimu wa shule ya msingi hukutana nayo kila mwaka, na ambayo kila mwaka huyapita kwa haraka. Miongoni mwake ni maneno ya vipimo vya jadi: wakia, ratili, mani, frasila, kibaba, kisaga na pishi. Maneno haya yamo katika methali, katika vitabu vya dini, katika historia ya biashara ya pwani, na baadhi yake yangali midomoni mwa watu sokoni na mashambani. Hata hivyo, mtoto akiuliza, “Mwalimu, frasila ni nini?” mara nyingi hupata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba hicho ni kipimo cha zamani, hakina kazi tena. La pili ni tarakimu moja tu: frasila ni kilo 16, basi.

Nakusudia katika makala hii kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana upungufu, na kwamba la pili, ingawa linaonekana kuwa na elimu zaidi, ndilo lenye hatari zaidi. Maoni yangu ni haya: maneno ya vipimo vya jadi yafundishwe, lakini yafundishwe kama maneno yenye maana, wala si kama jedwali la kukariri.

Jedwali na kasoro yake

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, si ajabu kukuta ubaoni jedwali la namna hii: ratili moja ni nusu kilo, kibaba ni robo tatu ya kilo, pishi ni kilo tatu, frasila ni kilo 16. Mwalimu mwanafunzi amejitahidi, amekusanya, amepanga kwa mistari. Watoto hulinakili na kuliimba. Siku ya pili wanalijua lote. Baada ya mwezi hawalijui tena.

Kusahauliwa kwake si kasoro kubwa. Kasoro kubwa ni kwamba jedwali hilo limechanganya jamaa mbili za maneno zisizofanana hata kidogo. Ratili na frasila ni vipimo vya uzito: kitu huwekwa katika mizani, kikalinganishwa na jiwe la kupimia. Kibaba na pishi ni vipimo vya ujazo: kitu hutiwa chomboni mpaka kikajaa. Anayeziandika zote mbele ya neno “kilo” amemfundisha mtoto kwamba kujaza na kupima kwa mizani ni jambo moja. Na hilo ndilo kosa ambalo somo la vipimo, tangu darasa la tatu na kuendelea, linataka kuliondoa.

Maneno ya mizani

Tuanze na jamaa ya mizani. Kipimo kidogo kilichotumiwa sana katika biashara ya pwani kilikuwa wakia. Wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile reale yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu baada ya kufa kwake. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 28.07 hivi. Wakia 16 zilifanya ratili moja, ratili tatu zilifanya mani moja, na mani 12 zilifanya frasila moja. Kwa hiyo frasila ilikuwa na ratili 36.

Mwanachuo anayependa hisabati aifanye hesabu hii mwenyewe. Gramu 28.07 mara 16 ni gramu 449 hivi: hiyo ndiyo ratili ya reale. Paundi ya Kiingereza, ambayo nayo watu wetu waliiita ratili, ni gramu 453.59 hivi. Zinakaribiana, lakini si moja. Sasa chukua ratili 36 za reale. Utapata kilo 16.2 hivi. Chukua paundi 35 za Kiingereza. Utapata kilo 15.9 hivi. Basi unapokuta mahali pamoja imeandikwa kwamba frasila ni ratili 36, na mahali pengine kwamba ni paundi 35, usidhani kuwa mwandishi mmoja amelewa. Kila mmoja amelitumia neno “ratili” au “paundi” kwa maana yake, na maana hizo hazikuwa sawasawa.

Kwa nini mfanyabiashara alipenda kupima kwa sarafu? Kwa sababu sarafu ilijulikana. Jiwe la mizani laweza kuchongwa na mjanja, lakini reale ya fedha kila mtu aliishika mkononi na kuifahamu. Kwa njia hiyohiyo masonara walitumia tola, kipimo kilichotoka Bara Hindi, ambacho ni gramu 11.66 hivi, sawa na uzito wa rupia ya fedha. Rupia ilikuwa fedha ya Afrika Mashariki hadi miaka ya 1920 na 1921, ilipoondolewa na mahali pake hatimaye pakashikwa na shilingi. Sarafu ilitoka, lakini neno tola likabaki katika kazi ya dhahabu.

Frasila yenyewe ilikuwa kipimo cha bidhaa kubwa: pembe za ndovu, sandarusi, karafuu. Anayesoma maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, jinsi alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, atakuta pembe zinahesabiwa kwa frasila mara kwa mara. Mwalimu wa historia anayelipita neno hilo bila kulieleza amewanyima watoto nusu ya habari. Pembe za frasila mbili ni zaidi ya kilo 32, na huo ndio uliokuwa mzigo wa kawaida kabisa begani mwa mpagazi kutoka bara mpaka pwani. Mtoto akilijua hilo, frasila haiwi tena neno la kitabuni tu. Inakuwa uzito juu ya bega la mtu aliyetembea mamia ya maili.

Tena maana ya maneno haya ilibadilika kwa mahali. Huko Ethiopia wafanyabiashara wa kahawa wana feresula yao, na hiyo ni kilo 17. Ratili ya Misri ilikuwa gramu 449 hivi, lakini ratili ya Sham ilizidi kilo mbili. Neno ni lilelile. Mzigo ni mwingine. Kwa hiyo swali “ratili ni kiasi gani?” halina jibu kamili mpaka limeongezwa maneno mawili: wapi, na lini.

Maneno ya chombo

Sasa tuitazame jamaa ya pili. Hapa methali yetu wenyewe ndiyo mwalimu bora: haba na haba hujaza kibaba. Methali haisemi kwamba haba na haba huelemea mizani, yasema hujaza. Kibaba ni chombo. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Yaani pishi ni vibaba vinne.

Ushahidi wa pili umo katika Biblia ya Kiswahili, katika tafsiri ya Union Version. Katika habari ya taa ambayo haiwashwi na kisha kufunikwa, wafasiri waliitia taa hiyo chini ya pishi. Msomaji aliyefundishwa kwamba pishi ni kilo tatu hawezi kuona picha hiyo hata kidogo, maana mtu hawezi kuficha taa chini ya kilo tatu. Lakini aliyefundishwa kwamba pishi ni chombo cha kupimia nafaka, anaiona mara moja: chombo kimepinduliwa, mwanga umefichika.

Ushahidi wa tatu uko kwa Waislamu, katika zaka ya fitiri. Kipimo chake kwa Kiarabu huitwa saa, na Waswahili wamekifasiri kwa neno pishi. Sehemu yake ya nne, mudi, wakaifasiri kibaba. Hapa pia asili ni chombo. Leo watu wengi hutoa kwa kilo, na walimu wa dini hulazimika kueleza ni kilo ngapi. Majibu yao hutofautiana kidogo, kwa sababu pishi ya mchele, pishi ya tende na pishi ya ngano hazina uzito mmoja. Mwenye kufahamu kuwa saa ni ujazo haoni ugomvi katika tofauti hiyo. Asiyefahamu hudhani kwamba dini imekosa hesabu.

Ushahidi wa nne, ambao kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote kwa darasa, uko katika karafuu za Unguja na Pemba. Mchumaji wa karafuu mbichi hulipwa kwa pishi: amejaza pishi ngapi, apate malipo ya pishi ngapi. Karafuu zikisha kukauka, huuzwa kwa uzito, zamani kwa frasila na siku hizi kwa kilo. Zao ni moja, vipimo ni viwili. Sababu iko wazi. Karafuu mbichi ina maji mengi, na ikikauka hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake. Aidha, chini ya mkarafuu chombo ni chepesi kubeba na hakihitaji mizani. Lakini mnunuzi wa karafuu kavu hataki kujua chombo kimejaa namna gani, anataka uzito. Wazee wetu hawakuwa na vipimo viwili kwa sababu ya kukosa elimu. Walijua kila kipimo kina mahali pake.

Jaribio la kuondoa mashaka

Huenda mwanachuo akasema, “Lakini mimi nimeelezwa kwamba kibaba ni kama painti moja, na pia nimeelezwa kwamba pishi ni ratili sita.” Vema, tuyaweke maelezo hayo mawili pamoja, tuone kama yanakaa chungu kimoja. Kibaba kikiwa painti moja, pishi ni painti nne, yaani nusu galani ya Kiingereza. Galani moja ya maji ina uzito wa paundi 10. Nusu galani ina paundi tano. Basi chombo hicho kikijazwa maji hakifiki ratili sita. Kikijazwa mchele ndiyo kabisa, kwa maana mchele, pamoja na nafasi za hewa kati ya punje, ni mwepesi kuliko maji ya ujazo huohuo.

Kwa hiyo ama chombo kilikuwa kikubwa kuliko painti nne, ama kilirundikwa juu ya ukingo, ama uzito umetajwa kwa makisio. Watu wa pwani walijua tofauti hii: pishi ya mfuto ni ile iliyofutwa juu ikawa sawa na ukingo, nayo si sawa na pishi iliyorundikwa kichuguu. Tazama jinsi swali dogo la neno lilivyotufikisha katika hesabu, katika sayansi na katika desturi za soko kwa pamoja. Jedwali lisingetufikisha huko.

Kuna nini cha kupoteza?

Mwenye shaka atauliza: yote haya yana faida gani kwa mtoto wa leo, ambaye anaona kilo katika kila duka? Jibu langu ni kwamba mtoto wa leo haishi katika kilo peke yake. Huko Kenya mama yake hununua mahindi kwa gorogoro. Huku Tanzania ananunua kwa kopo au kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne ambayo imekuwa kipimo cha viazi, nyanya na maharage. Baba yake anauza mahindi kwa debe na kwa gunia. Sado na gorogoro ni wajukuu wa pishi: ni vipimo vya chombo. Majina yamebadilika, kanuni ni ileile.

Na ujanja nao ni uleule. Sado iliyobonyezwa ubavuni hupunguza ujazo. Debe lililotikiswa hushika zaidi kuliko lililomiminwa polepole. Gunia lililoongezwa kilemba juu, ambalo watu huliita lumbesa, huhesabiwa kuwa gunia moja na hulipwa bei ya gunia moja, ingawa lina zaidi. Mkulima anayekubali lumbesa amekubali kuuza uzito kwa bei ya chombo. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu jambo hilo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiwataka wakulima na wanunuzi watumie mizani. Lakini sheria pekee haimlindi mtu asiyefahamu tofauti ya maneno. Mtoto aliyeimbishwa kwamba pishi ni kilo tatu ndiye mkulima wa kesho atakayeamini kwamba gunia ni kilo 100, hata liwe limejazwa namna gani.

Basi kinachopotea si neno la zamani tu. Ni jasho la mtu.

Hoja za wanaopinga

Yako mapingamizi matatu ambayo hayana budi kujibiwa kwa heshima. La kwanza husema kwamba nchi zetu zimefuata mfumo wa metriki, na kufundisha vipimo vingine ni kumchanganya mtoto. Nakubali kwamba mtoto apimie kwa kilo na lita, na mitihani ifanywe kwa kilo na lita. Sipendekezi hesabu za frasila na wakia zirudi ubaoni. Napendekeza maneno yaelezwe, ili mtoto aone sababu ya kuwa na kilo: kwamba ulimwengu ulichoka na ratili isiyofanana kati ya Misri na Sham. Hata kilo yenyewe ina historia. Ilianza Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, na tangu tarehe 20 Mei, 2019, haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa huko, bali namba ya asili isiyobadilika. Safari ya kutoka reale ya fedha mpaka hapo ni safari moja ya wanadamu kutafuta kipimo kisichodanganya.

La pili husema kwamba maneno haya si ya kwetu, ni ya Waarabu na Wahindi. Hoja hii ni dhaifu. Wakia ni neno lililopita kwa Waarabu kutoka kwa Wayunani na Warumi, na aunsi ya Waingereza imetoka katika shina hilohilo la Kirumi. Wataalamu wa asili ya maneno husema kwamba ratili ilitokana na neno la Kiyunani “litra”, lililokuwa kipimo cha uzito. Na neno hilohilo, kwa njia ya Ufaransa, ndilo lililotupa lita, ambayo ni kipimo cha ujazo. Yaani ratili na lita ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja amebaki katika mizani, mwingine amehamia chomboni. Na “kilo” maana yake ni elfu tu. Sisi tumekata “gramu” tukabaki na elfu. Hakuna taifa lenye maneno ya vipimo yasiyosafiri.

La tatu husema kwamba muda hautoshi. Hili ni la kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi somo jipya. Napendekeza dakika chache katika masomo yaliyopo: methali inapofundishwa katika Kiswahili, misafara inapofundishwa katika historia, ujazo na uzito vinapofundishwa katika hisabati.

Namna ya kufundisha

Mwanachuo anapoandika andalio la somo lenye neno la kipimo cha jadi, ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Kwanza, je, kipimo hiki ni cha mizani au cha chombo? Pili, kilipimiwa kitu gani? Tatu, ni cha wapi na wakati gani? Akisha kuyajibu, tarakimu ije mwisho, tena pamoja na neno “takriban”.

Kwa upande wa zana, hapana haja ya kununua kitu. Makopo mawili yanayolingana, mchele, unga, maharage na maji vyatosha, pamoja na mizani ya kuazima dukani. Watoto wajaze kopo kwa kila kitu, wafute juu, wapime, waandike. Kisha warundike, wapime tena. Kisha walitikise kopo la unga, waone unavyoshuka, waongeze, wapime mara ya tatu. Mwalimu asiwaambie jibu mapema. Wakisha kuona wenyewe kwamba kopo ni moja na uzito ni mwingi, hapo ndipo awaambie: chombo hiki wazee wetu walikiita kibaba, na mizani walikuwa nayo pia, na jiwe lake lilikuwa ratili.

Baada ya hapo wapewe kazi ya nyumbani: wamwulize bibi, babu au muuzaji wa sokoni ni kipimo gani anachokijua, kinapima nini, na hujazwa namna gani. Majibu yatatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Mwalimu asiogope tofauti hizo wala asizifute ili apate jibu moja la ubaoni. Tofauti hizo ndizo somo lenyewe.

Kamusi itakupa neno na tarakimu yake. Kazi ya kumwonyesha mtoto chombo, mizani na mkono wa mtu aliyepima imeachiwa mwalimu, na hakuna mwingine atakayeifanya kwa niaba yake.